Nilimwalika Mama Atembee London, Dada Kamfanya Mpishi Wake

Admin, jina langu lifiche maana Waswahili wa mji huu tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, Mzanzibari, nakaa Stratford na wanangu wawili, kazi yangu hospitali. Nina dada yangu mkubwa, tumbo moja, yeye yuko Kilburn. Kwa anayoyafanya, wallahi nikimtazama usoni natamani kutapika.

Mama yetu ana miaka sabini na moja. Nilimuombea visa ya kutembea ya miezi sita, barua ya mwaliko nikaandika kwa jina langu. Nikamrekodia sauti kwenye simu, moja baada ya nyingine. Mama, plagi za huku ni kama za kwetu, usinunue adapta. Nyama usibebe, watakunyang'anya uwanja wa ndege. Vaa soksi mbili. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, wenye haraka wapite kushoto. Kadi ya treni igonge ukiingia na ukitoka. Nilitaka aje atembee kwa raha zake, amelea vya kutosha.

Alipofika, dada akasema, "Wewe una mashifti, na kwako lifti mbovu kila siku. Mama atakaa kwangu." Nikaona ni busara. Kumbe mjinga mimi!

Dada anapika kwa oda: sambusa, katlesi, visheti vya maharusi. Mwanzo nilimkuta mama anakunja sambusa, nikadhani anasaidia tu, maana mama zetu mnawajua, hawawezi kukaa kitako mtoto yuko jikoni. Nikawa nakuja Jumapili, nakula, naondoka. Nalisema hili kwa aibu: zile sambusa na mie nimezila. Nikitaka kumtoa akatembee, dada ana oda, na mama mwenyewe anasema, "Nenda tu mwanangu, siku nyengine."

Mama alipotimiza miezi mitano huku, nikaenda bila kupiga simu. Nikamkuta kasimama peke yake mbele ya karai, miguu imevimba haiingii kwenye makubadhi, vidole vina malengelenge. Dada kajilaza sebuleni anazungumza na mteja: "Visheti vya mama mwenyewe mpenzi, nimemleta kutoka Unguja." Kamleta! Kama blenda! Ptuu!

Nikamuuliza mama, tangu uje umetembea wapi? Akajibu taratibu, "Dukani hapo chini, kununua unga."

Nikamvaa dada pale pale. Nikamwambia huyu ni mgeni, visa yake haimruhusu kufanya kazi, na zaidi ya yote ndiye aliyekuzaa. Akanicheka. "Mama kumsaidia mwanawe ndiyo kazi? Usiniletee uzungu hapa." Kisha akanambia lililonitia kinyaa mpaka leo: mama harudi. Tiketi yake ni ya mwezi huu huu, na visa inakwisha siku chache baada ya tiketi, dada kaamua vyote vipite. "Nani atamtafuta bibi kizee? Ramadhani inakuja, oda zangu nimwachie nani?" Na pasi ya kusafiria ya mama kaifungia kabatini, ufunguo anatembea nao.

Nikamgeukia mama nikitaraji atasema neno. Akafuta mikono kwa kanga. "Mie sina tatizo. Msigombane kwa ajili yangu." Nikiwaita polisi, dada atasema mama kapenda mwenyewe, na mama atamuunga mkono, namjua. Nikinyamaza, siku zikipita, mama atakuwa mtu wa kujificha kwenye nchi ya watu, uzeeni, mbele ya karai. Na siku akikamatwa, anaweza kufungiwa visa hata miaka kumi, na aliyemwalika ni mie.

Jana kanipigia simu kutoka chooni kwa dada, maji ya bomba kayafungulia asisikike. Akaninong'oneza, "Mwanangu, mie nataka kwenda kwangu. Lakini dada yako asijue kama nimesema."

Zimebaki siku tisa ndege iondoke. Mama mzima anajificha chooni kwa kumuogopa mtoto aliyemnyonyesha! Nyinyi mnaosoma, angekuwa mama yenu mngeanzia wapi? Nisaidieni mawazo, nami sitaki kuambiwa nisubiri.