Tangi Juu ya Paa

Madereva wenzake walimwita Bi Taratibu, wala hawakuwa wakimsifu. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha gari la kliniki ya macho, lile linalozunguka kuwafuata wagonjwa walikoishi, na kwa muda wote huo hakuna dereva aliyewahi kula vumbi lake. Udereva alifundishwa na marehemu baba yake, aliyeendesha boza, lori la tangi la kubebea maji. Mzee alikuwa akimwambia kwamba mzigo wa juu una akili yake, na maji yakiwa nusu tangi yana akili mbili.

Kwa hiyo ofisi ilipoleta gari jipya, refu kama kabati, na meneja wa usafirishaji akaamuru tangi la lita mia tatu lifungwe juu ya paa pamoja na hema na viti vya chuma, Bi Taratibu alilizunguka gari mara mbili akaguna.

"Bosi, hilo tangi bora likae chini, nyuma ya viti. Huko juu litatupindua."

"Ndani hakuna nafasi. Wewe endesha polepole tu."

"Polepole naendesha. Tatizo ni siku nitakayolazimika kukwepa kitu ghafla."

"Basi usikwepe," meneja akasema, akacheka peke yake.

Bi Taratibu akahamia kwenye daftari la gari. Kila Ijumaa aliandika: *Gari linalala kwenye kona. Mzigo wa juu upunguzwe.* Mara saba aliandika, na mara saba daftari lilirudi na neno moja na sahihi: *Imeonekana.* Ofisi nzima ya macho, akawaza, na hakuna anayeona.

Wiki ya nane, saa tatu asubuhi, wakiwa barabara kuu, mtu wa baiskeli aliyebeba godoro kichwani aliingia barabarani kutoka kushoto bila kutazama. Godoro lilikuwa limemziba. Breki peke yake isingetosha. Bi Taratibu alikata usukani kulia, akampita kwa kiasi cha mkono mmoja, lakini mbele lori lilikuwa linakuja, ikabidi arudi kushoto papo hapo. Huko kurudi ndiko kulikomaliza kazi. Gari lilikuwa bado limelala upande wa kwanza wakati matairi yanadai upande wa pili, na maji ya tangi, yaliyobaki nusu, yakaenda yote kwa mkupuo. Alihisi matairi ya kushoto yakiacha lami. Kisha gari likalala ubavu wa kulia, taratibu kabisa, likaburuzika hadi majanini.

Nesi, aliyekaa kiti cha kushoto, alibaki akining'inia juu yake kwenye mkanda.

"Dada, uko hai?"

"Nipo. Wewe je?"

"Bega langu limelia ko."

Mtulinga wa nesi ulikuwa umevunjika. Mwenye godoro hakupata hata mchubuko. Alisimama kando akiuliza nani atampangusia godoro.

Kikao cha ajali kilifanyika baada ya siku kumi. Meneja alisoma kwamba chanzo ni mwendo kasi na uzembe. Bi Taratibu akaomba kile kifaa cha ndani ya gari kinachorekodi mwendo kisomwe. Kilionyesha hamsini na nane, mahali panaporuhusiwa themanini.

"Basi ulikata usukani kwa pupa," meneja akasema.

"Ningekata kwa adabu, yule angekuwa kaburini."

Hakuna aliyecheka. Bi Taratibu aliona watu wazima watano wakichungulia saa zao, na akajua kwamba maneno hayatamfikisha popote.

"Tuna gari la pili kama lile, na tangi lake liko juu vilevile," akasema. "Twendeni nalo uwanjani. Mwendo wa arobaini tu. Bosi akae kando yangu."

Uwanjani meneja alikumbuka kwamba mgongo unamsumbua, akabaki amesimama kwenye nyasi. Fundi wa karakana alipanga koni, akamwaga chokaa chini pale gari litakapokata kurudi. Mara ya kwanza Bi Taratibu alipita paa likiwa tupu: alama za matairi zikatokea kwenye chokaa pande zote mbili. Mara ya pili, mzigo wote ukiwa juu na maji nusu, gari liliyumba, na fundi akapiga kelele asimame. Upande mmoja tairi la nyuma lilikuwa limeruka chokaa yote. Hakukuwa na alama yoyote kwa hatua tatu.

"Hapa lilikuwa hewani, bosi," fundi akasema, akionyesha kwa spana.

Meneja aliitazama ile chokaa, kisha saa yake. "Tutalifanyia kazi," akasema.

Baada ya wiki mbili Bi Taratibu aliletewa barua. *Umesamehewa uzembe wako. Tia saini na urudishe.*

Aliisoma amesimama mlangoni kwa nesi, aliyekuwa bado amefunga mkono shingoni.

"Nimesamehewa nini?"

"Tia saini yaishe, dada. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha wa godoro, nikapisha na lori. Na huyu nimpishe?"

Hakutia saini. Asubuhi iliyofuata alikuta gari la pili limepangiwa safari, tangi likiwa palepale juu. Alipanda ngazi na spana ya fundi, akafungua boliti nane, yeye na fundi wakalishusha, wakalifunga sakafuni nyuma ya viti. Lilienea, na nafasi ya ndoo ikabaki.

Jumatatu kukabandikwa tangazo ubaoni: *Kufuatia uchunguzi wa kina wa ofisi ya usafirishaji, matangi yote yatafungwa ndani.* Chini yake ilikuwa sahihi ya meneja, imenyooka vizuri. Madereva walilisoma wakasema bosi ameona mbali.

Bi Taratibu alilisoma mara moja, akaenda kupima upepo wa matairi. Ile barua ya msamaha wameidai mara tatu hadi leo, na kila mara anawajibu kwamba bado anaisoma.