Biskuti Nilizomtolea Mungu

Jamani, mnicheke taratibu. Nilioka biskuti za oti za kunywea chai, kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu. Zikatoka ngumu kiasi kwamba mbwa wetu alizinusa akaenda zake. Kuzitupa niliona dhambi, kwa hiyo Jumapili nikazipeleka kanisani hapa Chome ndani ya kopo zuri, zinadiwe pamoja na ndizi na kuku wa sadaka. Nilijiambia atakayezinunua amemtolea Mungu, hatalalamika.

Mnada ulipoanza nikajificha nyuma ya wanakwaya. Aliyezichukua ni mama mkwe wangu, ambaye hana meno ya mbele.

Jioni akatualika chai, mimi na mume wangu, akalileta lile kopo mezani. Alichovya biskuti, akasubiri, akachovya tena. Nami bila aibu nikasema, "Pole mama. Watu wengine hawana haya, wanamtolea Mungu vitu kama hivi."

Alimimina biskuti zote kwenye sahani, akaligeuza kopo. Chini yake, kwa rangi nyekundu ya kucha, palikuwa na jina langu, kama ninavyoandika vyombo vyangu vyote visipotee shughulini.

"Mungu ameshapokea, mwanangu," alisema, akinisogezea sahani. "Sasa kula."