Injini Iliyokataa Kofia

"Mama Nadira, kwani Thika imepata bahari lini?"

Wamboi aliniuliza hivyo asubuhi moja ya mwaka wa tisini na sita, fungu la sukuma mkononi. Anauza mboga hatua chache kutoka kwa jiko langu la chapati, hapa Kamenu, na katikati yetu ndipo kilipo kibanda cha Fundi Ayub. Siku hiyo pikapu ya shamba moja la kahawa la upande wa Ruiru ilikuwa imeteremsha injini ya mashua, ya zamani, rangi imebanduka, na Ayub alikuwa akiifunga kwenye pipa la maji.

Nikamwambia si bahari, ni bwawa la shamba.

"Haiya! Na mimi nilikuwa nimeshaanza kungoja samaki."

Ayub tunamjua kwa pampu na mashine za posho. Lakini ujanani alikaa Kisumu miaka sita, kwenye karakana ya injini za wavuvi, akarudi nyumbani mama yake alipopooza. Alimlisha na kumwogesha mpaka siku yake ya mwisho, Mungu amrehemu. Ni mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo hujiambia mwenyewe. Akikosea utamsikia: "Ayub, polepole." Kitu kimoja tu alichojivunia ni kwamba injini ikitoka kwake hairudi.

Hii ilirudi.

Aliyeiendesha aliitwa Absalom Ajwang. Kazi yake ilikuwa kuzunguka bwawa polepole kila asubuhi akiondoa magugu yanayoziba mdomo wa pampu, maana bila maji kahawa haioshwi. Injini ikawa inamzimikia katikati ya maji. Ayub aliivua kofia, ndivyo anavyokiita kile kifuniko cha juu, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaiwasha kwenye pipa. Ikaunguruma saa nzima bila shida. Baada ya wiki mbili ikaletwa tena. Akaivua kofia, akaiwasha, ikaunguruma vilevile. Basi Waweru, msimamizi wa shamba, alipomuuliza, Ayub akamjibu kwa moyo safi:

"Injini ni nzima. Wallahi haina kitu."

Neno hilo likamwumiza mtu. Ajwang alikuwa akitoka majini akiyumba, macho mekundu, kichwa amekishika kwa mikono miwili, na siku moja alitapika mbele ya wachuma kahawa. Kama injini ni nzima, akasema Waweru, basi huyu ni mlevi. Akamfuta kazi. Na nyumba ya shamba akaambiwa aihame ifikapo Jumamosi, yeye na mkewe na watoto wanne.

Jumatano Ajwang mwenyewe akaja kibandani. Injini nayo ilikuwa pale, Waweru ameileta ibadilishwe oili kabla ya dereva mpya kuanza. Nikamkaribisha chai.

"Asante mama, mimi ni Msabato. Chai sinywi, kahawa sinywi. Nipe tu maji moto."

Wamboi akacheka mpaka akashika kiuno. "Unafanya kwa shamba ya kahawa na kahawa hunywi! Sasa hiyo chang'aa wanasema unakunywa, unaikunywa saa ngapi, baada ya maombi?"

Ajwang hakucheka. Alimtazama Ayub. "Fundi, wewe ndiye ulisema injini ni nzima. Sikukuja kugombana. Nimekuja uniambie kama mimi ni mwongo."

Ayub akaweka spana chini. Akaifunga injini kwenye pipa, kofia pembeni kama kawaida, akavuta kamba. Ikawaka, ikaunguruma nusu saa. Ajwang akainamisha kichwa. Niliacha chapati iungue upande mmoja, nikimwombea.

"Fundi!" Wamboi akapaza sauti. "Hiyo kitu inanitoa masikio. Mteja anauliza nyanya ni ngapi, mimi nasikia injini tu. Si uifunike?"

Ayub ni mtu wa adabu, akaivalisha kofia. Hazikupita dakika tatu. Injini ikakohoa, ikalegea, ikazima.

"Asante," akasema Wamboi.

Ayub akabaki amesimama. Akaivua kofia, akaiwasha, ikaunguruma. Akaivalisha, ikakohoa, ikafa. Mara tatu hivyo.

"Ayub, polepole," akajiambia. Kisha akamgeukia Ajwang. "Moshi unavuja ndani ya kofia. Injini inavuta moshi wake badala ya hewa, inakosa pumzi. Na mimi kila nikitaka kuitazama, kitu cha kwanza naivua kofia, naifungulia dirisha."

"Na mtu anayekaa karibu nayo?" Ajwang akauliza.

"Anavuta huo huo. Kichwa kitamgonga, miguu itamlegea. Atayumba."

Ajwang akakaa chini juu ya debe, uso akaufunika kwa mikono.

Ayub akaniomba kipande cha gazeti ninalofungia chapati. Akakikata chembamba, injini ikiwa inawaka bila kofia, akakipitisha taratibu ubavuni, palipo na bamba la chuma linalofunika njia ya moshi. Karatasi ilitulia pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pembe ya chini ikapeperuka, ikarudi na doa jeusi lenye mafuta, kama masizi ya sufuria yangu.

Injini ilipopoa akaanza kufungua bolti. Zote zilikubali ila moja, ile ya pembe ya chini, kutu imeishika. Hakuilazimisha. Aliipasha moto, akaidondoshea mafuta, akaenda kuswali Alasiri. Aliporudi ikazunguka kwa upole. Gasketi ya ndani, ile karatasi nene inayozuia moshi usivuje, ilikuwa imeliwa pembeni na moshi wa miaka mingi. Akakata mpya, na bamba, kwa kuwa lilikuwa limepinda kidogo, akalisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka likalala sawa. Kufunga akaanza na bolti za katikati akielekea nje, kila moja kidogo kidogo.

Kesho yake akaiwasha na kofia kichwani. Nilimaliza unga wote wa asubuhi, na injini haijazima. Wamboi hakulalamika hata mara moja.

Ijumaa asubuhi pikapu ilipokuja, Ayub alipanda nayo. Nami nikapewa nafasi mbele, nilikuwa nakwenda Mwiki kwa binti yangu Nadira. Kwa hiyo nilikuwepo, penye mizani ya kahawa, wachuma wamepanga foleni, Ajwang amesimama kando.

"Mzee Waweru," Ayub akasema, wote wakisikia, "nilikuapia kwamba injini ni nzima. Nilikosea. Huyu hakulewa. Alikuwa anavuta moshi." Akaiweka ile gasketi iliyoliwa juu ya mizani.

"Unasema hivyo kwa sababu ni rafiki yako."

"Nimemjua Jumatano."

Waweru akaigeuza ile gasketi, akaigeuza tena. Kisha injini ikafungwa mashuani, naye akaingia, akakaa nyuma kabisa, Ajwang akamzungusha bwawa lote, kofia juu ya injini. Walirudi Waweru amesimama wima.

"Mbona hukuniambia kichwa kilikuwa kinakuuma?"

"Nilikuambia," akasema Ajwang.

Waweru akakohoa kidogo, akasema nyumba asiihame, na Jumatatu aje kazini kama kawaida. Ayub akaswali Ijumaa Ruiru. Alhamdulillahi, Ajwang yuko bwawani mpaka leo, na akipita Kamenu namwekea maji yake moto.

Juzi nilimwambia Ayub kwamba nataka kuandika habari zake. Aliona haya, akaangalia mikono yake. Akasema kule shambani wako watu ambao mpaka sasa wanamwita Ajwang "Mlevi", kwa mzaha tu, lakini wanamwita. Kisha akaniomba:

"Andika kwamba Absalom Ajwang hakuwa amelewa. Jina lake liandike lote."