Kila Baada ya Saa Mbili

Siku hiyo ilianza kama nyingine zote kwenye kambi yetu ya kulinda amani, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa kwenye hema la matibabu nikimnyoosha goti mama mmoja aliyejua Kiswahili cha kusalimiana tu. Nilimwonyesha mazoezi kwa mikono, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo jeshini, mzaliwa wa Tanga, na nilijiona hodari wa kuelewana na watu. Sajenti Ambilikile, Mnyakyusa wa Ngana kule Kyela, alikuwa amesimama mlangoni akinitania.

"Muulize kwanza nyumbani nani atamshika," alisema. "Wewe unafundisha goti, mtu mwenyewe umemsahau."

Nilicheka.

Mchana waasi walituporomoshea makombora.

La kwanza liliangukia jikoni. La pili sikulisikia. Nilijikuta chini, hema linawaka, mguu umebanwa na kabati la dawa.

Sajenti aliingia. Akalinyanyua kabati. Akanivuta.

La tatu lilipasuka nyuma yake.

Vipande vilimwingia yeye mgongoni. Mimi nilitoka na michubuko. Wenzetu wanne walirudi nyumbani kwenye majeneza.

Baada ya miezi kadhaa ya hospitali, Sajenti alirudishwa Ngana akiwa amepooza kuanzia kifuani kwenda chini, na mkono mmoja tu ndio uliokuwa na nguvu. Mkewe alikwisha fariki. Alibaki na mwanawe wa pekee, aliyeshinda Kyela mjini akipakia kakao, na mke wa mwanawe, Atupele. Niliomba nimhudumie mwenyewe, maana bila yeye nisingekuwepo.

Mtu aliyepooza hasikii maumivu ya kulalia upande mmoja, na nyama huoza bila yeye kujua. Usiku mwanawe angemgeuza. Mchana alikuwepo Atupele peke yake, kwa hiyo nikamwita. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, khanga kichwani, ameelekeza uso migombani. Nikadhani ananionea haya mimi mgeni. Nikampazia sauti jinsi ya kumgeuza: ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia, kila baada ya saa mbili.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari. Ndaga," alinishukuru kwa lugha ya kwao.

Na kweli alielewa kila neno. Sajenti alitazama dari.

Niliporudi mwezi uliofuata kutoka kazini kwangu Mbeya, harufu ilinipokea mlangoni. Kidonda cha kiunoni kilikuwa kimefika mfupani. Nilimsubiri mwanawe kwa hasira, nikamuuliza kwa nini mkewe hakufanya nilichomwelekeza.

"Kwetu mkwe hamkaribii baba mkwe," alisema. "Hamtazami, na jina lake halitaji. Wengi siku hizi wameacha. Baba hajaacha."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulituuliza kama tumeelewa."

Nikamgeukia Sajenti. "Na wewe, afande?"

"Ningemwaibisha mtoto wa watu," alijibu.

Tulimkimbiza hospitali, lakini sumu ilikwisha ingia kwenye damu. Alidumu siku tisa.

Msibani nilikaa na ndugu zake wa kiume na majirani, wanaume wenye nguvu zao, wanaoishi hatua chache tu kutoka pale. Wangemgeuza kwa zamu kama ningeuliza. Swali alikuwa amenifundisha yeye mwenyewe, asubuhi ile hemani, nami nikacheka. Nayalaani makombora yale hadi leo, ila hayakumuua. Nimeshafundisha wanafunzi wengi tangu hapo na kila mmoja namweleza habari hii, lakini moyo wangu haujapata nafuu yoyote.

Baada ya mazishi Atupele alinikuta kando ya nyumba. Safari hii alinitazama usoni.

"Nilikuwa naangalia saa kwenye simu, daktari," alisema. "Kila saa mbili zikipita, nilikuwa naenda kusimama nyuma ya ukuta wake. Nilikuwa namsikia anavyopumua. Halafu naondoka."