Mazoezi ya Theluji, Njia ya Wema

Programu ya marathoni niliyoichagua kwenye simu ilikuwa ya watu wa nchi za theluji. Niliipenda kwa sababu tulikuwa katikati ya kipupwe, nikaona baridi ni baridi tu. Ikasema nivae glavu na kofia ya kufunika uso. Nikatii, mimi mwalimu mzima.

Alfajiri, kwenye njia ya kijiji cha Wema, nikawapita kina mama wakienda kufyeka mashamba. Mara nikasikia vishindo nyuma yangu. Kugeuka, naona mapanga! Nikajua wamenidhania mwizi. Nikapiga mayowe, nikaongeza mbio, nao wakaongeza. Nikaanza kumwomba Mungu anitunzie watoto.

Nilianguka mbele ya duka. Kina mama nao wakaanguka kando yangu, wakihema. Mama Salome, jirani yangu, akanivua kofia.

“Kumbe mwalimu! Nyati yuko wapi?”

Huku kwetu nyati hutoka msituni saa hizo. Ukiona mtu anakimbia, unakimbia naye kwanza, maswali baadaye.

“Hakuna nyati, mama. Nafanya mazoezi.”

“Basi mayowe yalikuwa ya nini?”

Nikalitazama panga lake, nikaomba kofia yangu.