Kibali cha Deo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimekaa pembeni ya uwanja kule Rusimbi, naombea timu ya mtaani kwangu ifungwe. Na timu sikuwa na ugomvi. Kijicho changu kilikuwa kwa kocha wake, Rashidi.

Tulicheza pamoja tangu ujana, mimi beki, yeye mshambuliaji. Mipira nilimpelekea mimi, jina akapata yeye. Goti lilipomharibikia nikadhani sasa watamsahau. Kumbe alipogeuka kocha ndipo walipozidi kumpenda. Wauza samaki wa Ujiji walimchagulia migebuka minono. Hata mama yangu mzazi, nikienda kumwamkia, aliuliza kwanza habari za Rashidi. Nilicheka na watu, lakini ndani nilikuwa naungua.

Miaka ile wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wengi kwetu, na aliyeishi kambini hakuruhusiwa kutoka bila kibali. Kipa wa Rashidi, kijana aitwaye Deo, aliishi kambini. Mimi nilikuwa karani katika ofisi iliyotoa vibali. Cha Deo kwa ajili ya fainali ya Jumamosi ile kilikwisha kusainiwa, kilichobaki ni mimi kumpa dereva akipeleke. Nikakifungia kwenye droo. Rashidi alipouliza, nikamwambia nimeshakituma.

Deo akaona asiiangushe timu, akapanda lori hivyo hivyo. Polisi wakamshusha kwenye kizuizi cha barabarani, wakamweka mahabusu. Habari zilipofika uwanjani, Rashidi aliiacha timu palepale akaenda kituoni. Tukafungwa matatu. Nilichokiombea nikakipata, ila hakuna aliyemlaumu Rashidi. Watu walimfuata kituoni, wengine wamembebea Deo ugali.

Ndipo nilipoona haya. Nikapitia ofisini, nikachukua kile kibali, nikaenda. Deo aliponiona akasimama nyuma ya nondo.

"Mwakeye, kaka," akanisalimu kwa Kiha. "Unisamehe kwa usumbufu. Pengine kibali kililetwa, mimi nikawa nimetoka."

Nikakitoa mfukoni mbele ya wote. Rashidi alikitazama, kisha akanitazama mimi. Hakupandisha sauti.

"Athumani, kama ni mimi, ungenifuata mimi. Huyu kijana alikukosea nini?"

Nikamkabidhi askari kile kibali. Deo aliachiwa jioni ile. Kazi yangu ilikwisha wiki iliyofuata, na ilikuwa haki. Mimi na Rashidi tulisalimiana njiani miaka yote, lakini uwanjani hakunialika tena.

Mwanangu, wivu utakujia, maana wewe ni binadamu. Ukija, usiupe kazi ya kufanya. Mfuate huyo unayemwonea wivu, mpe mkono, hata kama mkono wenyewe ni mzito. Na ukipewa dhamana ya shida za watu, karatasi ya mtu isilale kwako.

Mungu akupe moyo wa kumshangilia mwenzako, na akuepushe na siku ya kuombwa radhi na mtu uliyemdhulumu.