Sauti ya Munyao

Kazi yenyewe haina mbwembwe, na Kanyiva halipwi hata nauli. Hukaa kwenye meza ya chakula, orofa ya nne huko mtaa wa Tassia, akikagua mabadiliko yanayopendekezwa kwa programu ambayo mafundi wa kompyuta hutumia kutunza kila toleo la kazi yao. Jumamosi hiyo alikuwa na swali moja: mtu akiagiza faili za sauti zirukwe, yaani zisihifadhiwe, zirukwe kwenye folda ile tu, au hadi kwenye folda zote zilizo ndani yake? Usiposema lolote, programu huziruka hadi kwenye folda ya ndani kabisa.

Kawaida hiyo aliijua kwa machungu. Babake, Munyao, mchonga vinyago, alipoanza kuugua kifua, Kanyiva alimrekodi akieleza namna ya kuutambua mpingo, akimtania mkewe, akikohoa, akianza upya. Rekodi akaziweka ndani ya folda ya kazi, akiamini kila kitu kinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Alisahau kwamba kwenye folda ya juu aliwahi kuagiza faili za sauti zirukwe, maana zilimlia bando. Mzee akazikwa. Mwezi haujaisha, wezi wakavunja mlango wakaibeba kompyuta. Aliposhusha kazi yake kutoka hifadhini, picha za vinyago zilirudi zote. Za sauti, hakuna hata moja. Programu ilikuwa imemtii, na hilo ndilo lililomuuma.

Rafiki yake Mulongo, aliyependekeza kawaida hiyo ibadilishwe, akapiga simu.

"Niaje, Kanyi. Hii kitu ilikuchoma. Si ukubali tu tumalize?"

"Nimeijaribu. Kuna watu wana faili za nywila kwenye folda za ndani, na hiyo kawaida ndiyo inazificha. Tukibadilisha, zitaanikwa mtandaoni. Nakataa. Tuongeze onyo tu, liseme ni nini kimerukwa."

Mulongo akasema, "Niliileta kwa sababu yako, lakini."

"Najua. Asante."

Alikata simu, akafuta macho kwa kiganja. Mamake, Kamene, alikuwa kwenye kochi akichagua ndengu kwenye ungo. Wiki nzima alikuwa akiwafukuza watoto wa jirani ngazini ili binti afanye kazi kwa utulivu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

Kamene akaweka ungo chini, akavuta kiti hadi karibu na kompyuta, akajitengeneza leso.

"Basi niwekee nisikie."

"Nikuwekee nini?"

"Babako. Si ulisema hii ndiyo ile programu iliyomruka? Nimekuwa nikikuombea umpate."

"Hayuko, mwaitu. Sikuwa namtafuta. Hii ni ya watu wengine, yaliyonipata yasije yakawapata."

Mama hakumlaumu. Alibaki pale pale kitini, akiitazama kompyuta.

"Nilitaka tu kusikia alivyokuwa akiniita," akasema. "Siku hizi nikijaribu kukumbuka, naisikia sauti yangu mwenyewe."